Kusasisha seva ya video ya nyumbani bila kuhatarisha maktaba ya familia

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Tukuyu. Nyumbani kwake ana kompyuta ndogo ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika, yenye mfumo endeshi wa Debian 12, ambayo mwalimu mwenzake aliifungia Jellyfin, programu ya kurusha video za nyumbani kwenye televisheni, ndani ya Docker, inayoendesha kila programu ikiwa imefungwa kwenye sanduku lake liitwalo kontena, kabla ya kuhamishiwa wilaya nyingine. Video za harusi za miaka ya karibuni ziko kwenye diski ya ndani. Za kwaya ya kanisani, nyingi zikiwa zimehamishwa kutoka kwenye kanda za VHS, ziko kwenye diski ya nje ya terabaiti 4 iliyochomekwa kwa USB. Toleo analotumia ni 10.8.13 na halijaguswa tangu mwanzo wa 2024, ingawa compose.yaml alilonitumia, faili la maelekezo ya kuwasha kontena, limeandikwa `jellyfin/jellyfin:latest`. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, na asubuhi sehemu ya kwaya ilikuwa imetoweka kwenye televisheni huku harusi zikiwapo. Alipozima kompyuta na kuiwasha, video za kwaya zilirudi, lakini majina ya nyimbo na ya waimbaji aliyokuwa ameyaandika kwa mkono yalikuwa yamefutika. Fundi mmoja amemshauri aweke programu itakayosasisha makontena yenyewe kila usiku. Anauliza kama afuate ushauri huo, na kama kutosasisha ndiko kulikoleta hasara ile.

Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu usipolielewa utasasisha leo na hasara ileile itarudi siku nyingine umeme ukikatika. Chanzo si uzee wa toleo. Kwenye faili lako la /etc/fstab, lenye orodha ya diski za kuunganishwa kompyuta inapowaka, diski ya nje imeunganishwa kwenye folda ya /srv/video/kwaya kwa kutumia neno `nofail`, ambalo maana yake ni kwamba kompyuta iendelee kuwaka hata diski hiyo isipoonekana. Mwenzako alifanya vizuri kuliweka, maana bila hilo kompyuta ingekwama kila diski inapochelewa. Hata hivyo neno hilohilo huruhusu Docker kuanza kabla diski haijawa tayari. Diski kubwa ya USB huchukua sekunde kadhaa kuanza kuzunguka na kutambuliwa, na usiku ule Docker iliitangulia. Jellyfin ikaingia kwenye folda ya kwaya, ikaikuta tupu, na ukaguzi wa maktaba ulipofanyika ikaamini kwamba umezifuta video zote, nayo ikafuta habari zake kwenye kanzidata. Matoleo ya karibuni huiruka folda kuu ya maktaba ikiwa tupu kabisa, lakini yako haikuwa tupu, kwa kuwa harusi zilikuwamo. Kinga hiyo isingekusaidia.

Liko jambo la pili ambalo huwachanganya wengi. Hata diski ilipoamka dakika moja baadaye na wewe ukaiona kwenye kompyuta, kontena lilibaki likiiona folda tupu. Kontena huonyeshwa folda jinsi ilivyokuwa lilipoanza, na diski inayounganishwa kwenye folda hiyo baadaye haipenyi ndani yake mpaka kontena lianzishwe upya. Ndiyo sababu kuzima na kuwasha kulirudisha video. Majina hayakurudi kwa sababu yalikuwa yameandikwa mahali pamoja tu, ndani ya kanzidata ya Jellyfin, na huko yalikuwa yameshafutwa.

Tiba yake ina sehemu mbili, na ningependa uzifanye zote kabla ya kugusa toleo. Kwanza, iamuru Docker isubiri diski. Andika `sudo systemctl edit docker.service`, kisha ndani yake weka mistari hii miwili:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/diski
```

Kuanzia hapo, diski isipoonekana Docker haitaanza kabisa, nawe utaona televisheni imekosa seva badala ya kuona maktaba iliyopungua kimyakimya. Naliona hilo kuwa afadhali mara mia. Kama unavyoona, nimeandika /mnt/diski, si /srv/video/kwaya, kwa maana nataka diski ihamishiwe kwenye folda yake yenyewe. Iunganishe hapo kwa UUID yake, yaani namba ya utambulisho isiyobadilika, ambayo amri ya `sudo blkid` itakuonyesha, wala usitumie jina kama /dev/sdb1, ambalo hubadilika ukichomeka flashi nyingine. Kisha ndani ya diski tengeneza folda iitwayo kwaya, uhamishie humo video zote. Sehemu ya pili ni kulibadilisha faili la compose.yaml ili kontena likabidhiwe folda hiyo ya ndani ya diski, kwa maandishi marefu namna hii:

```
volumes:
  - ./config:/config
  - ./cache:/cache
  - /srv/video/harusi:/media/harusi
  - type: bind
    source: /mnt/diski/kwaya
    target: /media/kwaya
    bind:
      create_host_path: false
```

Ule mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Maandishi mafupi ya kawaida huifanya Docker itengeneze folda mpya, tupu, pale inapokosa ile iliyotajwa; haya marefu huifanya ikatae kuwasha kontena. Diski isipokuwapo, /mnt/diski/kwaya haipo, basi Jellyfin haiwaki na haifuti kitu. Zingatia pia kwamba upande wa kontena njia imebaki ileile ya awali, /media/kwaya. Ukiibadilisha hiyo, Jellyfin itazihesabu video zote kuwa ngeni, na habari zake utaziandika upya.

Kuhusu majina yenyewe, siwezi kukurudishia yaliyofutika kama hakuna nakala ya zamani ya folda ya config, inamokaa kanzidata hiyo, lakini ya kesho yanaweza kulindwa. Kwenye mipangilio ya kila maktaba ya Jellyfin liko chaguo la kuhifadhi habari katika faili za NFO. Ukiliwasha, kila jina unaloandika litawekwa kwenye faili dogo la maandishi kando ya video yenyewe, ndani ya diski yako. Hata kanzidata ikiharibika yote, Jellyfin mpya itayasoma majina kutoka humo. Kwa filamu za kununua jambo hili si kubwa, kwa kuwa habari zake zinapatikana kwenye intaneti. Kwaya ya Tukuyu iliyorekodiwa kwa kamera ya kuazima haimo katika kanzidata yoyote duniani, na anayejua nani aliongoza wimbo upi ni wewe na wazee wachache waliobaki. Kwa kawaida mimi huwashauri watu waikabidhi Jellyfin folda za video kwa kusoma tu, kwa kuongeza `:ro`, ili programu isiweze kuzigusa. Kwako nasema kinyume chake, kwani NFO haziandikiki kwenye folda iliyofungwa, nazo zina thamani kubwa kuliko kinga hiyo.

Sasa ushauri wa fundi. Usiufuate. Simlaumu, kwani kwa programu zisizohifadhi chochote njia hiyo hufaa, lakini seva yako si ya namna hiyo, na ile lebo ya `latest` inaifanya hatari iwe kubwa zaidi. Neno hilo humaanisha toleo la karibuni kabisa siku ile unapopakua. Halimaanishi kwamba kontena litajisasisha. Ndiyo maana umekaa na 10.8.13 miaka yote hii. Siku programu ya usiku itakapopakua `latest`, utaruka kwa hatua moja kutoka 10.8.13 hadi tawi la 10.11, saa tisa za usiku, bila nakala rudufu, ukitumia kifurushi cha intaneti ambacho hukupanga kukitumia, na bila mtu wa kusoma kinachoandikwa kwenye kumbukumbu za programu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, utaamka na kanzidata iliyobadilishwa nusu.

Niliwahi kuyaona hayo Iringa, kwenye nyumba ya jamaa yangu. Albamu ya picha za ukoo ilitegemea kanzidata ya PostgreSQL iliyoandikwa `latest`, na programu ya kusasisha ikaitoa toleo la 15 na kuiweka 16 usiku mmoja. PostgreSQL ya toleo kuu jipya haifungui mafaili ya toleo kuu lililotangulia mpaka yahamishwe kwa utaratibu wake, kwa hiyo kontena likawa linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Hakuna picha iliyopotea, kwa sababu tulirudisha namba ya 15 na data ilikuwa haijaguswa. Lakini ilikuwa siku mbili kabla ya kumaliza msiba, na watu walikuwa wamekuja kutoka Njombe na Songea wakitaka kuziona picha za marehemu. Tangu hapo kila imeji ninayoiweka kwa mtu huandikwa namba kamili ya toleo.

Kontena lenyewe, Mwalimu, halina cha kukuogopesha. Imeji ni programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, na kontena ni imeji hiyo ikiwa inafanya kazi. Unaweza kulifuta na kuliunda tena mara kumi kwa siku bila kupoteza kitu. Chako wewe ni vitu vitatu tu vilivyo nje yake: faili la compose.yaml, folda ya config, na video. Folda ya cache hujitengeneza yenyewe, hivyo usihangaike nayo. Hatari ya kusasisha yote iko kwenye config, kwa kuwa toleo jipya likiwaka kwa mara ya kwanza hubadilisha muundo wa kanzidata iliyomo, na toleo la zamani haliwezi tena kuisoma. Watu husema, nikiona tatizo nitarudisha namba ya zamani. Namba peke yake hairudishi kitu. Inayorudisha ni namba ya zamani pamoja na config ya zamani.

Anza kwa kuipa imeji uliyonayo jina lake halisi, ili usije ukalazimika kuipakua tena siku ya kurudi nyuma:

```
docker tag jellyfin/jellyfin:latest jellyfin/jellyfin:10.8.13
```

Kisha kwenye compose.yaml badilisha `latest` iwe `10.10.7`, uandike `docker compose pull`. Kupakua huku hakusimamishi seva, kwa hiyo kufanye siku yoyote kabla, saa ambazo kifurushi chako ni cha bei nafuu. Ni mamia ya megabaiti. Imeji imegawanyika katika matabaka, na mtandao ukikatika, matabaka yaliyokwisha kushuka hayapakuliwi tena ukirudia amri. Ukiletewa ujumbe kwamba umezidisha maombi, usishangae: Docker Hub, ghala la mtandaoni zinakopakuliwa imeji, huweka kikomo kwa kila anwani ya intaneti kwa wasiojisajili, na wateja wengi wa mitandao ya simu huchangia anwani moja. Jisajili bure, uingie kwa `docker login`. Na kama mtandao wa kwenu ni dhaifu mno, mtafute jamaa Mbeya mjini mwenye intaneti nzuri na Docker kwenye laptopu yenye prosesa ya aina ya Intel au AMD kama yako. Aipakue huko, aifunge kwa `docker save -o jellyfin.tar jellyfin/jellyfin:10.10.7`, nawe uifungue kutoka kwenye flashi kwa `docker load -i jellyfin.tar`. Njia hii nimeitumia mara nyingi na haina kasoro yoyote.

Siku ya kusasisha iwe asubuhi, siku ambayo hakuna anayetaka kutazama kitu. Ingia kwenye folda yenye compose.yaml (kama hujui iliko, `docker compose ls` itakuonyesha), kisha:

```
docker compose stop
sudo tar -czf /srv/nakala/jellyfin-10.8.13.tar.gz config compose.yaml
docker compose up -d
docker compose logs -f
```

Usiuache ule mstari wa kwanza. Kanzidata ya Jellyfin ni ya SQLite, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni kabla ya kuyaingiza kwenye faili kuu. Ukinakili wakati inafanya kazi, unaweza kupata faili kuu la dakika hii na la pembeni la dakika iliyofuata, nakala ambayo kwa macho ni nzima lakini siku ya kuihitaji haifunguki. Nakala hiyo inakili pia kwenye flashi. Mstari wa mwisho utakuonyesha kazi ya kubadilisha kanzidata ikiendelea. Usome mpaka utulie, ndipo ufungue kivinjari kwenye anwani ya seva yenye namba 8096 uhakikishe maktaba zipo, majina yapo, na video moja ya kwaya na moja ya harusi zinacheza hadi ukisogeza katikati. Kama umewahi kuongeza programu-jalizi, zisasishe au uziondoe, kwani zilizotengenezwa kwa 10.8 huenda zisifanye kazi na 10.10. Ukiona kasoro, andika `docker compose down`, ifute folda ya config, ifungue ile nakala ya tar mahali pale pale, rudisha namba 10.8.13, na uwashe.

Kaa na 10.10.7 wiki mbili au tatu. Hatua inayofuata, ya 10.11, ni nzito kuliko zote zilizotangulia. Toleo hilo lilitoka Oktoba 2025 likiwa limehamisha habari zote za maktaba kutoka faili la zamani la library.db kwenda jellyfin.db, kwa mfumo mpya wa kushughulikia kanzidata. Uhamisho hufanyika mara ya kwanza toleo hilo linapowaka, na kulingana na ukubwa wa maktaba na kasi ya diski huweza kuchukua dakika chache au masaa. Katika muda huo ukurasa wa Jellyfin hauonyeshi maktaba zako, na ndipo wengi hudhani imekwama, wakaizima. Usiizime. Tazama kumbukumbu; maadamu mistari mipya inaongezeka, kazi inaendelea. Ili ikamilike salama, folda ya config iwe kwenye diski ya ndani, ikiwezekana SSD, na diski hiyo iwe na nafasi ya kutosha, angalau mara mbili au tatu ya ukubwa wa config yenyewe.

Na umeme. Huko Rungwe, kati ya Novemba na Mei mvua na radi havitabiriki, nami nisingethubutu kufanya uhamisho huu bila UPS, hata ile ndogo ya kuibeba kompyuta dakika ishirini. Dakika ishirini hazitoshi kwa kazi ya masaa, lakini kukatika-na-kurudi ndiko kunakotokea zaidi, na UPS hulimaliza tatizo hilo. Ukiwa huna, azima kwa siku moja. Umeme ukikatika katikati hata hivyo, usijaribu kuendelea kutoka pale uhamisho ulipoishia. Rudisha nakala ya config ya 10.10.7, utakayokuwa umeichukua kabla ya hatua hii kama ulivyofanya kwa 10.8.13, na uanze upya. Radi ikianza kunguruma karibu, chomoa kompyuta ukutani, uchomoe na waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta, kwa kuwa radi hupita huko pia.

Baada ya hapo matengenezo ni mepesi. Mara moja kila miezi mitatu soma maelezo ya toleo jipya, uone kama yametaja marekebisho ya usalama, upakue, unakili, usasishe. Kwa seva isiyofunguliwa kwa intaneti kasi hiyo inatosha, na nakuomba usiifungue: usiielekeze ruta iruhusu namba 8096 kutoka nje kwa sababu tu mtoto aliyeko chuoni Iringa anataka kutazama harusi. Debian isasishe siku tofauti na Jellyfin, ili kitu kikiharibika ujue kilichoharibu. Huna haraka ya kuhamia Debian 13 iliyotoka Agosti 2025, maana ya 12 itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Imeji ya zamani ifute kwa jina, `docker image rm jellyfin/jellyfin:10.8.13`, baada ya kuridhika na mpya, na uepuke zile amri za kusafisha kila kitu kwa mkupuo ambazo watu hupeana, kwani hufuta hata imeji uliyoitunza kwa ajili ya kurudi. Na kwa kuwa Docker kwa kawaida haiweki mpaka kwenye ukubwa wa kumbukumbu za makontena, ongeza kwenye compose.yaml, chini ya `logging`, chaguo za `max-size: "10m"` na `max-file: "3"`, diski ya ndani isije ikajaa bila wewe kujua.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ungepaswa kulifanya kwanza, kwa kuwa linahitaji fedha na najua mshahara wa mwalimu. Nakala ya config si nakala ya video. Video za kwaya ziko kwenye diski moja, na kanda zilikotoka, kama bado zipo, zinaendelea kuliwa na unyevu na ukungu wa huko kwenu. Kabla ya kuhamisha video kwenda kwenye folda mpya niliyoieleza hapo juu, tafuta diski ya pili ya terabaiti 4, hata kwa kuchangiwa na kwaya yenyewe, uinakilie kwa `rsync -a` bila kuongeza `--delete`, kisha ufungue video tano au sita kutoka kwenye nakala uone zinacheza. Isikae kwenye kabati lile lile lenye seva. Ipeleke kwa ndugu anayeishi Uyole au Kyela, nawe uirudie kila baada ya sikukuu ambayo kwaya imerekodiwa.